Msichana Hapimwi kwa Kipimo cha Mvulana

Alfajiri moja nilipita kando ya uwanja wa shule fulani mjini Voi, kabla jua halijapanda juu ya mbuga ya Tsavo. Wanafunzi wapatao sitini, wavulana kwa wasichana, walikuwa wameamriwa kuuzunguka uwanja mara kumi, kisha waruke kichurachura kutoka goli moja hadi jingine. Katika mzunguko wa sita msichana mmoja alisimama, akainama, akalishika tumbo lake. Mwalimu hakumuuliza ila neno moja: "Mbona wenzako wavulana hawajachoka?" Binti yule hakujibu. Alijifunga sweta kiunoni, akaenda kuketi pembeni chini ya mti. Kwa jinsi ninavyowajua watoto wa shule, yamkini hiyo ndiyo siku aliyokata shauri kwamba mazoezi ya viungo si mambo yake.

Simlaumu sana mwalimu yule. Alifundisha kama alivyofundishwa, na waliomfundisha nao walifundishwa vivyo hivyo. Kosa ni la kipimo tulichokirithi sote, yaani mazoezi yaliyotungwa kwa kuutazama mwili wa mwanamume, kisha wanawake wakaambiwa wajibane humo kadiri watakavyoweza. Akishindwa, tunasema ni mvivu. Akifaulu, tunamsifu kwamba amekaza kama mwanamume. Katika hali zote mbili hakuna aliyeutazama mwili wake yeye.

Hoja yangu leo ni rahisi kuitamka, ingawa kuitekeleza kwataka bidii. Mazoezi ya msichana na ya mwanamke yanapaswa kupangwa kwa kuuzingatia mwili wake, damu yake, mifupa yake, chakula chake na kazi anazozifanya nyumbani. Sisemi apewe mazoezi machache. Nasema apewe yanayomfaa.

Nataka nieleweke mapema, kwa kuwa maneno kama haya yamewahi kutumiwa vibaya. Katika michezo ya Olimpiki ya Amsterdam mwaka 1928, wanawake waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kushindana katika mbio za mita 800. Baadhi yao walipoonekana wamechoka baada ya kumaliza, jambo ambalo humpata mkimbiaji yeyote wa kiume, wakuu wa michezo waliamua kwamba mbio hizo zinauzidi mwili wa mwanamke. Zikaondolewa, zisirudi hadi Roma mwaka 1960. Mbio za marathoni za wanawake nazo hazikuingizwa katika Olimpiki hadi mwaka 1984 mjini Los Angeles. Kwa miongo mingi, tofauti ya maumbile ilifanywa kisingizio cha kumfungia mwanamke mlango.

Wakenya tunajua jinsi kisingizio hicho kilivyovunjwa. Mwaka 1968 wanawake watatu, Lydia Stephens, Tecla Chemabwai na Elizabeth Chesire, walikwenda Mexico kuiwakilisha nchi hii katika Olimpiki. Mwaka 1994 Tegla Loroupe alishinda marathoni ya New York. Mwaka 1996 Pauline Konga alitwaa nishani ya fedha mjini Atlanta, ya kwanza ya Olimpiki kwa mwanamke wa Kenya, na mwaka 2008 Pamela Jelimo akaleta ya dhahabu. Faith Kipyegon naye alijifungua binti mwaka 2018, akarudi na kupata nishani ya fedha katika mashindano ya dunia ya Doha mwaka 2019, kisha akashinda dhahabu ya Olimpiki mjini Tokyo mwaka 2021 na mjini Paris mwaka 2024. Hapana mtu mwenye akili timamu atakayesema kwamba mwili wa mwanamke hauwezi.

Kosa la kwanza, basi, lilikuwa kumwambia mwanamke aketi. Kosa la pili, ambalo ndilo la siku zetu, ni kumwambia asimame na afanye kila kitu kama mwanamume. Makosa haya yana chimbuko moja: hakuna aliyejishughulisha kumchunguza. Watafiti waliopitia majarida sita makubwa ya sayansi ya michezo ya miaka ya 2014 hadi 2020 walikuta kwamba wanawake walikuwa takriban thuluthi moja tu ya watu waliochunguzwa, na tafiti zilizohusu wanawake peke yao zilikuwa asilimia 6. Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa muda mrefu sayansi ya mazoezi imekuwa ikieleza kitanda ambacho haijakilalia.

Nianze na damu. Msichana akishabaleghe hupoteza damu kila mwezi, na pamoja na damu hiyo hupoteza madini ya chuma. Ndiyo maana wataalamu wa lishe wa Marekani wanapendekeza miligramu 15 za chuma kwa siku kwa msichana wa miaka 14 hadi 18, ilhali mvulana wa rika lake hupendekezewa 11. Chuma ndicho kinachoiwezesha damu kuchukua hewa safi na kuipeleka katika misuli. Kikipungua, moyo hupiga mbio, pumzi hukatika, miguu huwa mizito. Kwa mtazamaji aliyesimama pembeni na kipenga mdomoni, dalili hizo zinafanana sana na uvivu.

Katika kaunti yetu jambo hili lina uzito wa ziada. Malaria huharibu chembe za damu, na wakazi wa Taveta na wa nyanda za chini wanaijua vyema. Safura, yaani minyoo inayonyonya damu tumboni, huwapata wanaotembea pekupeku katika udongo wenye unyevu. Wapo pia wanafunzi wenye ugonjwa wa selimundu, ambao wanaweza kuhatarisha maisha yao wakilazimishwa kukimbia juani bila maji na bila kupumzika. Mwalimu anayemwona msichana akichoka kila mara kuliko wenzake asimwongezee mizunguko. Amshauri aende zahanati akapimwe damu. Kipimo hicho ni cha muda mfupi, nacho huweza kubadilisha mwaka mzima wa masomo, kwa sababu damu inayoshindwa kuifikisha hewa mguuni ndiyo hiyo hiyo inayopaswa kuifikisha kwenye ubongo.

La pili ni mifupa. Takriban robo ya madini ya mifupa ya mtu mzima hujengwa katika miaka miwili tu ya ukuaji wa kasi wakati wa kubaleghe, na kufikia umri wa miaka 18 msichana huwa amejenga karibu asilimia 90 ya mifupa atakayokuwa nayo. Baadaye, hedhi ikikoma utu uzimani, mifupa hupungua kwa kasi, na mwenye akiba ndogo ndiye anayevunjika nyonga kwa kujikwaa kizingitini. Mifupa hujengwa kwa chakula na kwa mazoezi yenye uzito na mshindo: kuruka, kukimbia, kupanda, kuinua. Sasa angalia masikitiko yake. Umri ambao msichana anahitaji mno kuruka na kuinua ndio umri ambao wengi wao huuacha uwanja. Takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2016 zilionyesha kwamba, katika vijana wa miaka 11 hadi 17 duniani, wasichana 85 katika kila 100 hawafanyi mazoezi ya kutosha, nao wavulana ni 78. Samaki mkunje angali mbichi. Akiba ya mifupa isiyowekwa shuleni haipatikani tena ukubwani.

La tatu ni goti. Mvulana anapobaleghe, homoni humjengea misuli pamoja na kimo. Msichana huongezeka kimo na uzito, nyonga hupanuka, lakini misuli haiongezeki kwa kiwango hicho hicho. Matokeo yake ni kwamba wasichana wengi, wanapotua baada ya kuruka au wanapogeuka ghafla uwanjani, magoti yao huelekea ndani. Tafiti za miaka mingi katika michezo ya kuruka na kugeuka, kama vile mpira wa miguu na mpira wa kikapu, zimeonyesha kwamba kano ya katikati ya goti huchanika kwa wasichana zaidi ya mara mbili kuliko kwa wavulana. Kano hiyo ikichanika, matibabu yake ni ya gharama ambayo mzazi wa Mwatate au wa Kasigau hawezi kuimudu kwa urahisi.

Habari njema ni kwamba kinga yake haihitaji fedha. Nchini Norway wasichana zaidi ya 1,800 wa miaka 13 hadi 17 wanaocheza kandanda waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilifundishwa namna maalumu ya kupasha misuli moto kabla ya mchezo: kukimbia polepole, kuchuchumaa, kusimama kwa mguu mmoja, kuimarisha tumbo na misuli ya nyuma ya paja, kuruka na kutua magoti yakiwa yamenyooka mbele. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba katika kundi hilo majeraha kwa jumla yalipungua kwa takriban thuluthi moja, na yale mabaya zaidi karibu nusu. Kazi hiyo yote ilikuwa ya dakika 20. Haikuhitaji mashine, wala zulia, wala jengo la fahari. Uwanja wa vumbi wa Voi unatosha.

Niingie sasa katika jambo ambalo wengi wetu hulipita kwa kukohoa. Hedhi ni kipimo cha afya. Mwili wa msichana usipopata chakula kinacholingana na kazi unayoifanya, huanza kubana matumizi kama mwenye nyumba aliyeishiwa. Hupunguza kwanza yale yanayoweza kungoja, na hedhi hukoma. Homoni inayolinda mifupa hushuka, mifupa hudhoofika, na mkimbiaji huanza kupata nyufa katika mfupa wa muundi au wa unyayo. Wataalamu wa michezo nchini Marekani walilieleza tatizo hili mwaka 1992, na mwaka 2014 kamati ya kimataifa ya Olimpiki ikalipanua maelezo yake, ikionya kwamba upungufu wa nishati huathiri pia moyo, kinga ya mwili na hali ya akili.

Hata hivyo, wapo wakufunzi ambao bado hudhani kwamba kukoma kwa hedhi ni alama ya mkimbiaji aliyeiva. Mwaka 2019 mwanariadha wa Marekani Mary Cain, aliyekuwa nyota tangu utotoni, alieleza hadharani jinsi alivyosukumwa apunguze uzito zaidi na zaidi. Hedhi yake ilikoma kwa miaka mitatu, na mifupa mitano ikavunjika. Ikiwa hayo yalimpata mtu aliyezungukwa na wataalamu, sembuse binti wa kijijini anayekwenda shuleni alfajiri na chai kavu tumboni, afanye mazoezi, asome hadi adhuhuri, kisha ale chakula kidogo?

Kwa hiyo mwanafunzi asome haya na ayashike. Hedhi ikikosekana miezi mitatu mfululizo, au ikiwa hujaipata kabisa nawe umetimiza miaka 15, nenda ukamwone daktari au muuguzi. Huenda sababu ni chakula kidogo, huenda ni ugonjwa, huenda ni mimba. Vyovyote iwavyo, ni jambo la kutibiwa na kushauriwa. Mwalimu naye asiligeuze kuwa kesi ya kumhoji mtoto mbele ya wenzake. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini anayeogopa kuaibishwa ataficha tu.

Hapa sina budi kutoa tahadhari dhidi ya kuvuka mpaka upande wa pili. Siku hizi kuna ratiba zinazouzwa kupitia simu, zinazomwagiza mwanamke afanye zoezi hili siku ya tano ya mzunguko wake na lile siku ya kumi na sita, kana kwamba wanawake wote ni saa za ukutani zilizotengenezwa kiwanda kimoja. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta kwamba tofauti ya uwezo kati ya awamu za mzunguko ni ndogo sana kwa jumla, nayo huachana mno kati ya mtu na mtu. Yuko msichana anayeweza kukimbia vizuri siku ya kwanza ya hedhi, na yuko asiyeweza kunyanyuka kitandani. Wengine hupata nafuu ya maumivu kwa mazoezi mepesi. Mwenye maumivu makali ya kila mwezi yanayomkosesha shule ahitaji daktari, si ratiba ya simu. Kanuni iliyo bora ni kumuuliza mwenyewe, kumsadiki, na kumpa zoezi mbadala badala ya kumfukuza uwanjani au kumlazimisha.

Tuyaangalie sasa mazoezi hayo katika nchi yetu ya Taita Taveta, maana mwili hauishi hewani. Mji wa Voi uko katika nyanda za chini zenye joto, ilhali kilele cha Vuria katika milima ya Dawida kimepita mita 2,200 kutoka usawa wa bahari. Mkufunzi wa Voi hana budi kuyaweka mazoezi yake mapema asubuhi au jioni, na maji yawepo. Yule wa Wundanyi ana baridi nzuri, lakini ana miteremko. Kukimbia kuteremka mlima huyatesa magoti kuliko kuupanda, na msichana ambaye misuli ya mapaja yake haijaimarishwa asipewe mteremko kama zoezi la kwanza.

Aidha, tuhesabu kazi ambayo msichana amekwisha kuifanya kabla ya kipenga kulia. Bomba la maji ya chemchemi za Mzima limeyachukua maji kutoka katika ardhi ya kaunti yetu hadi Mombasa kwa miongo mingi, lakini katika vijiji vingi mtungi bado hujazwa na mwanamke kwa miguu yake. Dumu la lita 20 lina uzito wa kilo 20. Msichana aliyelipandisha mlimani mara mbili, akakata na kuni, akafika shuleni kwa mwendo wa saa nzima, amekwisha kupata sehemu kubwa ya mazoezi yake ya siku. Kumzungusha uwanja mara kumi ni kumdhoofisha. Anachohitaji yeye ni kuimarishwa mgongo na tumbo ili mzigo usimpinde, kunyooshwa viungo, na mchezo utakaomchangamsha. Kinyume chake, binti wa mjini anayepelekwa shuleni kwa bodaboda na kurudi kuketi mbele ya runinga ahitaji kukimbia na kutoka jasho. Wote wawili ni wasichana wa darasa moja. Hata kati ya wasichana wenyewe, basi, kipimo kimoja hakifai.

Chakula nacho kisitupe hofu. Hatuhitaji poda za makopo zinazotangazwa na wauza misuli. Pojo, kunde, maharage, mchicha, mnavu, dagaa, maini na mayai ni vyakula vya kwetu. Kimanga cha Kitaita, muhogo au ndizi zilizopondwa pamoja na maharage, ni mlo wa mwanamichezo kuliko kipande cha mkate mweupe. Kuna siri mbili tu. Ya kwanza ni kwamba chai inywewayo pamoja na chakula huzuia chuma kuingia mwilini; afadhali ingoje saa moja. Ya pili ni kwamba chungwa, embe, pera au ndimu huisaidia chuma cha mboga na maharage kuingia. Shule inayoweza kuyahamisha majani ya chai kutoka wakati wa mlo, na kuweka tunda badala yake, itakuwa imefanya jambo kubwa kwa gharama ndogo.

Sitawasahau walimu wenyewe, na hasa walimu wa kike, ambao tunawaachia uwanja walimu vijana kana kwamba mazoezi yana umri wa kustaafu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lilishauri kila mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na siku mbili za kuimarisha misuli. Mjamzito na aliyejifungua nao walihimizwa wafikie dakika 150, mradi daktari hajawakataza. Lakini mama aliyejifungua hapaswi kuanza kwa kuruka. Misuli ya chini ya nyonga, inayokishikilia kibofu na mji wa mimba, hutanuka na kulegea wakati wa mimba na kuzaa. Wengi huvuja mkojo wanapokohoa au kuruka, wakadhani ni ada ya uzazi isiyo na dawa. Dawa ipo: kuibana na kuiachia misuli hiyo mara kadhaa kila siku kwa majuma na miezi, kuanza kwa kutembea, kisha kuinua vitu vyepesi, na mwisho kukimbia. Kwa mwalimu aliyekaribia au kupita umri wa hedhi kukoma, kuinua uzito si urembo wa vijana. Ni njia ya kuulinda uti wa mgongo wake.

Najua yatakayosemwa. Wa kwanza atasema kwamba tunawadekeza wasichana. Namjibu kwamba yote niliyoyaeleza yanaongeza kazi: kuchuchumaa zaidi, kuinua zaidi, kujifunza kutua, kula zaidi. Kumdekeza ni kumwacha aketi chini ya mti. Wa pili atasema kwamba shule hazina fedha. Namwonyesha dumu lililojazwa mchanga, gogo, ngazi za darasa na mfuko wa mawe. Wa tatu atasema kwamba mwalimu wa kiume hawezi kuyazungumza mambo ya hedhi na wanafunzi wa kike. Huyu ana hoja, na jibu lake ni kwamba kila shule imteue mwalimu wa kike, au mlezi mwanamke anayeaminika, ambaye msichana atamwendea kwa siri. Uwanjani itoshe mwanafunzi kusema, "Leo naomba zoezi jepesi," bila kudaiwa sababu mbele ya umma.

Kuna mambo madogo ambayo kwa binti ni makubwa. Mwaka 2017 Sheria ya Elimu ya Msingi ilirekebishwa ili serikali iwape bure sodo wasichana waliobaleghe katika shule za umma. Sheria hiyo itimizwe uwanjani pia, kwa sodo kuwapo siku ya michezo, na choo chenye mlango na maji kuwa karibu. Msichana aruhusiwe kuvaa suruali ndefu ya mazoezi ya rangi nzito, na yule wa Kiislamu avae hijabu yake akimbie kwa amani. Wazazi wajue kwamba sidiria inayoshika vizuri ni kifaa cha michezo kama viatu vilivyo. Na mizunguko ya uwanja isiwe adhabu ya kuchelewa au kupiga kelele. Tukiyafanya mazoezi kuwa kiboko, tusishangae watoto wakiyakimbia.

Wakati wa kuyafanya haya ni sasa. Mfumo wa elimu ya umilisi umeuweka mkondo wa sanaa na sayansi ya michezo miongoni mwa mikondo anayoweza kuichagua mwanafunzi wa Gredi ya 10. Mwaka 2024 timu ya wasichana wa Kenya wenye umri usiozidi miaka 17 ilicheza Kombe la Dunia katika Jamhuri ya Dominika, ikawa timu ya kwanza ya kandanda ya nchi hii, ya kike au ya kiume, kufikia kombe hilo. Njia iko wazi kwa binti wa Sagalla na wa Bura pia. Lakini hata asiyetaka nishani ana haki ya kutoka shuleni akiwa na mifupa imara, damu ya kutosha, magoti mazima na mapenzi ya mazoezi yatakayomfikisha uzeeni.

Namrudia binti niliyemwona siku ile chini ya mti. Sijui jina lake, wala sikupata kumwona tena. Najua tu kwamba swali aliloulizwa halikuwa lake. Lilikuwa swali la wavulana. Mwalimu, ukimwona mwenzake kesho, isogeze filimbi mbali na mdomo kidogo, umwite kando, umuulize: "Binti yangu, umekula? Unaumwa? Zoezi gani utaliweza leo?" Maswali hayo matatu hayagharimu hata senti moja, na kwa wasichana wengi wa Voi yatakuwa ndiyo mwanzo wa mazoezi yao.